Kasoko ya Barringer

Kasoko ya Barringer, ambayo wengi huiita Meteor Crater, ni shimo lililochimbuliwa na kimondo katika jangwa la Arizona, Marekani, magharibi ya mji mdogo wa Winslow. Upana wake ni kilomita 1.2 hivi, kina chake karibu mita 170, na ukingo wake umeinuka mita 45 juu ya uwanda. Umri wake ni miaka 50,000 hivi, kitoto kwa hesabu za wanajiolojia, ndiyo maana mmomonyoko haujaifuta. Kilichoanguka kilikuwa pande la chuma na nikeli, la jamii ileile ya kimondo cha Mbozi kule Songwe, Tanzania, ila cha Mbozi hakina kasoko. Siku hiyo hapakuwa na jangwa bado; palikuwa na nyasi na miti.

Utamu wa mahali hapa umo ukingoni. Chini ya uwanda, miamba imepangana kama kawaida: juu jiwe jekundu la Moenkopi, kisha chokaa ya Kaibab, na chini zaidi jiwe mchanga jeupe la Coconino. Ukingoni mpangilio umepinduka. Mlipuko uliyafunua matabaka ukayalaza nje chali, kama mtu akunjuavyo upindo wa mkeka, hata lililokuwa chini kabisa likawa juu. Kasoko yenyewe si duara kamili, inaelekea mraba, kwa kuwa miamba ilikuwa na nyufa zilizokatana tangu kabla ya kimondo kufika.

Wataalamu walichelewa kusadiki. Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia mwenye heshima kubwa, alifika na vipimo vya sumaku, asione dalili ya chuma kilichozikwa, akahukumu kuwa mvuke wa kivolkeno ndio uliolipua. Daniel Barringer, mtu wa migodi, hakukubali. Kuanzia 1903 alichimba na kutoboa akitafuta chuma cha kumtajirisha, na alipofariki mwaka 1929 hakuwa amekipata. Kuhusu kimondo alikuwa sahihi. Kuhusu mali alikosea. Kitu kinachokuja kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde hakijichomeki ardhini kama risasi kwenye mti. Sehemu kubwa ya chuma iliyeyuka au ikageuka mvuke, na vipande vyake vikatapakaa uwandani.

Ushahidi wa kukata ulikuja mwaka 1960, tena kutoka kwenye mchanga. Eugene Shoemaker na wenzake walitambua katika jiwe la Coconino madini ya koesiti, yaani kwatzi iliyobanwa kwa shinikizo ambalo hakuna mlipuko wa volkeno unaoweza kulifikia. Tangu hapo koesiti imekuwa kipimo cha kutambulia kasoko nyingine duniani.

Hata vile vipande vilivyotapakaa vilipata kazi: Clair Patterson alivitumia mwaka 1956 kukadiria umri wa Dunia, miaka bilioni 4.55. Kasoko bado ni mali ya ukoo wa Barringer, na wageni huingia kwa kiingilio.