Reale ya Sham: Fedha Isiyotaja Umri Wake

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, na katika yale ya Lamu na ya Mji wa Kale wa Mombasa, baina ya mabuli ya shaba na vyetezo, saa za ukutani na makasha yaliyopigwa misumari ya shaba, aghalabu mnunuzi huonyeshwa sahani ya sarafu kubwa za fedha, ambazo upande mmoja zina sura ya bibi mwenye kifua kipana aliyejitanda utaji, na upande wa pili zina tai mwenye vichwa viwili aliyekunjua mbawa. Hiyo ndiyo reale ya Sham, sarafu ambayo wazee wetu waliifanyia biashara, waliilipia mahari na kuiandikia wasia. Pambizoni mwake umepigwa mwaka 1780 kwa tarakimu zilizo wazi, na muuzaji, pengine kwa moyo safi kabisa, humwambia mgeni wake kwamba kitu kile kimepita miaka mia mbili. Huenda ni kweli, na huenda sarafu ile haijafika hata umri wa bibi yake muuzaji; na mtu asiyeijua tarikh ya reale hii hana njia ya kuipima hali yake, wala ya kujua anachokilipia.

Yule bibi ni Maria Theresia, malkia wa Hungaria na Bohemia na mtawala wa Austria, ambaye alifiwa na mumewe, Kaisari Francis wa Kwanza, mwaka 1765, na tangu hapo akawa akionyeshwa katika fedha zake kwa utaji wa mjane. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 29 Novemba, 1780. Kwa kawaida ya falme, mtawala akifa sarafu zenye sura yake huachwa kupigwa, na mrithi hutoa zake. Lakini wakati ule reale hii ilikuwa imekwisha kupata sifa mbali na kwao, kwa wafanyabiashara wa Misri, Hijazi, Yemeni na Uhabeshi, ambao waliizoea, wakaiamini, na kila walipoletewa fedha ya sura nyingine waliikataa au waliipunguzia thamani. Serikali ya Austria ikaona faida iko katika kuwapa watu wanachokitaka, ikaendelea kupiga sarafu ile ile, kwa sura ile ile na kwa mwaka ule ule, huku watawala wa nchi wakipokezana mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1858 reale hii ikakoma kuwa fedha halali katika nchi iliyoizaa, ilhali katika masoko ya Bahari ya Shamu na ya Bahari ya Hindi ilikuwa ingali na enzi yake kamili.

Imani ile haikujengwa juu ya mapenzi matupu. Uzito wa reale ulikuwa gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1000 za madini yake, 833 zilikuwa fedha safi. Na vipimo hivi havikubadilishwa, hata pale fedha za falme nyingine zilipokuwa zikipunguzwa uzito kwa siri ili hazina ya mfalme inufaike. Ukingoni mwake yalizungushwa maneno ya Kilatini yaliyoinuka, yenye maana ya haki na huruma, pamoja na nakshi baina yake, kiasi kwamba mjanja aliyetaka kuukwangua ukingo ili ajipatie unga wa fedha aliacha alama isiyofichika. Reale ya mzinga, yaani ile ya Wahispania, ilikuwa na sifa njema vilevile. Lakini Mexico ilipojitoa katika utawala wa Hispania mwaka 1821 sura ya fedha zake ilibadilika, na mfanyabiashara wa mbali, asiyejua kusoma maandishi ya Kilatini, aliitambua fedha kwa sura tu. Hakuwa mzembe kwa sababu hiyo. Aliyekuwa akipokea reale ya Sham alizitazama lulu za taji, akalitazama bizimu lililofunga nguo begani mwa malkia, akazitafuta herufi S.F. chini ya kifua chake, ambazo ni za majina ya Schöbl na Faby, wakuu wa kiwanda cha fedha cha Günzburg. Na kimoja cha hivyo kikikosekana, fedha ilirudishwa kwa mwenyewe.

Katika pwani yetu reale ilikuja kwa daw, pamoja na pepo za kaskazi, kutoka bandari za Arabuni ambako ilikuwa imefikishwa kwa njia ya Trieste na Misri. Na Sayyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja katika miaka ya 1830, ikawa ndiyo roho ya muamala wote. Kwa reale zilihesabiwa karafuu, pembe na sandarusi. Kwa reale Wamarekani wa Salem, walioandikiana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, waliweka hesabu za nguo zao za merikani. Na kwa reale, jambo ambalo mwandishi wa tarikh hana ruhusa ya kulipita kimya, binadamu aliyetekwa barani alitiwa bei katika soko la watumwa. Ufalme wenyewe ulipogawanywa mwaka 1861 kwa hukumu ya Lord Canning, mtawala wa Uhindi kwa niaba ya Waingereza, Unguja ikabaki kwa Sayyid Majid na Omani kwa nduguye Thuwaini, ilitakiwa Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Hata mizani ya dukani iliifuata sarafu hii: wakia moja ilikuwa ni uzito wa reale moja, na wakia 16 zilifanya ratili, hivyo mwenye reale nzima mfukoni alikuwa na fedha na jiwe la mizani kwa pamoja.

Enzi ile ilipunguka polepole. Rupia ya Kihindi iliingia pamoja na nguvu za Waingereza na wingi wa biashara ya Bombay. Sayyid Barghash naye akatoa riali yake yenye jina lake kwa herufi za Kiarabu, ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Na thamani ya madini ya fedha ikashuka duniani kote baada ya Ujerumani na mataifa mengine kufuata kipimo cha dhahabu. Ilipofika mwaka 1936, shilingi ilipochukua mahali pa rupia katika Unguja, reale ilikuwa imekwisha kutoka sokoni na kuingia makashani, shingoni mwa wanawake na katika kalibu za masonara.

Lakini wakati uo huo ambapo kwetu ilikuwa ikistaafu, kwingineko ilikuwa ikizaliwa upya. Mwaka 1935 Italia, iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipewa na Austria haki ya kuipiga reale kwa muda wa miaka 25, na vyuma vya chapa vikapelekwa Roma. Wafanyabiashara wa mataifa mengine waliokuwa wakiihitaji katika Yemeni na Bahari ya Shamu hawakukubali kuiomba kwa Waitaliani. Ndipo ikaanza kupigwa London, Paris na Brussels, kisha Birmingham, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikapigwa hata Bombay. Mwaka 1961 Vienna ikaurudia upigaji wake, na Omani ilikuwa ingali ikiipokea sokoni mpaka riali ya Saidi ilipotolewa mwaka 1970. Zote hizo, kutoka miji yote hiyo, zina mwaka 1780, na zote ni fedha ya kweli yenye uzito wa kweli. Kwa hiyo mnunuzi hapaswi kuuliza kama sarafu ni halali tu, bali pia imepigwa wapi, na imepitia nini tangu siku ile.

Swali la kwanza hujibiwa na wenye subira. Vyuma vya chapa vilichakaa na kuchongwa upya mara nyingi, na kila mchongaji aliacha tofauti zake ndogo: umbo la bizimu na idadi ya lulu zilizolizunguka, manyoya ya mkia wa tai, nukta zinazofuata herufi, na nakshi za ukingoni. Wajuzi wa Ulaya wameziandikia tofauti hizi vitabu vizima, na mwenye kioo cha kukuzia na kitabu kimoja cha namna hiyo anaweza mara nyingi kuitenga reale ya Günzburg na ya London. Mnunuzi wa kawaida, asiye na kitabu, angalau ashike hadhari hii: sarafu isiyo na mkwaruzo, iliyo na kila unywele wa malkia na kila unyoya wa tai, yaelekea zaidi kuwa ilitoka kiwandani juzi kuliko kuwa ililala salama karne mbili.

Swali la pili hujibiwa na sarafu yenyewe, kwa mwenye kuitazama kwa makini. Hebu tuchukue moja, kama zilivyo nyingi katika sahani za wauzaji wetu. Juu ya taji la malkia pana tundu, na midomo ya tundu hilo haina makali, bali imelainika na kuvutika kidogo kuelekea juu, ishara kwamba kipete kilipita hapo na sarafu ikaning'inia kwa miaka mingi. Upande wa malkia shavu na bega vimesagika, lakini maandishi yangali yakisomeka. Upande wa tai umelika hata ngao ya kifuani pake imekuwa bapa kabisa. Maana yake si ngumu: sarafu hii ilikuwa katika kidani, malkia akitazama nje na tai akisuguana na nguo na mwili wa aliyeivaa. Tundu lililotobolewa juzi kwa mashine husema habari nyingine, kwa kuwa midomo yake hukata kidole na fedha ya ndani yake hung'aa kuliko uso uliobaki. Kadhalika palipokuwa na lihamu pana rangi ya kijivu ukingoni, na tupa ikipitishwa hapo ili kuificha, maneno ya haki na huruma hukatika ghafula.

Ghushi nazo zipo, na kuzitambua hakuhitaji uchawi. Reale ya kweli ilipigwa kwa chapa, hivyo uwanja wake ni laini na herufi zake zina kingo kali hata zikiwa zimesagika. Ya bandia aghalabu husubiwa katika kalibu, ikatoka na vitundu vidogo mithili ya ngozi ya chungwa, herufi zilizovimba, na mstari wa kiungo ukingoni. Uipime kwa mizani ya sonara: iliyochakaa hupungua kidogo, ila ikipungua gramu mbili au tatu bila ya kuwa na tundu wala uchakavu wa kutosha, ina neno. Uining'inize kwa uzi katika maji huku ikipimwa: reale nzima hupungua gramu 2 na robo tatu hivi, na risasi au bati iliyopakwa fedha haiwezi kuigiza jambo hilo pamoja na uzito na upana kwa wakati mmoja. Sumaku ikiivuta, hapana haja ya mazungumzo zaidi.

Na kuna dhambi moja inayotendwa kwa nia njema, nayo ni kusugua. Muuzaji akidhani mnunuzi apenda kung'aa, huisugua reale kwa majivu, ndimu au dawa ya shaba mpaka iwe nyeupe. Ule utando mweusi uliojengwa na hewa kwa miaka mingi ukaondoka pamoja na tabaka jembamba la fedha, ukaacha mikwaruzo isiyohesabika inayokwenda upande mmoja. Utando ule haukuwa uchafu. Ulikuwa ngao ya sarafu na dalili ya utulivu wake, na ukishaondolewa haurudishwi kwa fedha yoyote.

Soko la dunia hupanga bei kwa mpango wake: juu huiweka reale isiyoguswa, ya kiwanda adimu, na chini huiweka iliyotobolewa, ambayo mara nyingi hununuliwa kwa uzito wa fedha yake tu, kisha ikayeyushwa. Mpango huo hauna insafu kwetu. Reale isiyo na doa iliyotoka Vienna na kukaa kabatini Vienna haina neno la kuieleza pwani ya Waswahili. Ile yenye tundu, iliyolika mgongoni, ndiyo iliyoolewa hapa, ikarithiwa hapa na kuwekwa rehani hapa mwaka wa njaa. Kila moja inayotiwa katika kalibu ni hati iliyochomwa, na anayelijaza tundu lake kwa lihamu ili apate bei ya juu hufuta sahihi ya waliokuwa nayo.

Sheria yenyewe hudai ushahidi ambao sarafu peke yake haiwezi kuutoa. Katika Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje bila ya kibali. Reale iliyoandikwa 1780 yaweza kuwa iliingia Lamu katika siku za Sayyid Said, au iliingia mkobani mwa msafiri kutoka Maskati katika miaka ya 1950. Nani atakayeamua, ikiwa jina la nyumba ilikotoka halikuandikwa?

Basi nawanasihi wauzaji na wanunuzi, na zaidi ya wote warithi, ambao ndio wenye mali hizi kabla hazijafika dukani. Kabla ya kuuza reale ya marehemu bibi yako, waulize wazee wangali hai: alikuwa nani, alikaa mtaa gani, aliipata kwa mahari au kwa biashara, ilivaliwa katika kidani cha sarafu ngapi. Yaandike majibu kwenye karatasi pamoja na jina la aliyeyatoa na tarehe, ukaitie karatasi hiyo katika kifuko kimoja na sarafu, na muuzaji akipokee kifuko kizima na kukikabidhi kizima. Mnunuzi naye aidai karatasi kama anavyodai uzito. Kazi hiyo ni ya alasiri moja, haina gharama, na ndiyo peke yake inayoweza kuipa sarafu hii umri ambao chapa yake iliinyima.