Macho Tuliyoyaruka: Historia Fupi ya Ualbino

Wengi wetu tuliosoma sekondari Tanzania tulikutana na *Takadini*, riwaya ya Ben Hanson, kwenye somo la Kiingereza. Muulize mtu leo anakumbuka nini, atakwambia: mtoto alizaliwa na ualbino, mama yake Sekai akakimbia naye ili asiuawe. Yaani ngozi na kifo. Mimi nina swali jingine. Mwanafunzi mwenye ualbino aliyekuwa darasani, akapewa nakala ile ile yenye herufi ndogo, aliisomaje?

Tumezoea kuisimulia historia ya ualbino kupitia ngozi. Macho tumeyaruka, wakati sayansi ilishayafikia zamani.

Mwaka 1908 daktari Mwingereza, Archibald Garrod, alitoa mihadhara London kuhusu hitilafu ambazo mtu huzaliwa nazo katika kemia ya mwili. Alizungumzia hali nne tu, na ualbino ulikuwa mmojawapo. Hoja yake ni hii: mwili hutengeneza vitu kwa hatua. Hatua moja ikikwama, kinachofuata hakipatikani. Kwenye ualbino, kinachokosekana au kupungua ni melanini.

Sasa melanini haipo kwenye ngozi na nywele tu. Ipo pia ndani ya jicho, na huko inafanya kazi mapema, mtoto akiwa bado tumboni. Ikipungua, sehemu ya katikati ya retina, ile tunayoitumia kusoma na kutambua sura, haikomai vizuri. Mboni hupitisha mwanga mwingi mno, jua likawa adui. Macho hucheza yenyewe, kushoto na kulia. Miwani husaidia, lakini haiwezi kujenga retina ambayo haikukomaa.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Kwa kawaida, nyuzi za neva kutoka kila jicho hugawanyika: nyingine huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, nyingine hubaki upande wake. Kwenye ualbino, nyingi mno huvuka. R. W. Guillery aliliona hilo kwanza kwa paka wa Siam. Mwaka 1975 yeye, C. J. Witkop na A. N. Okoro, daktari aliyekuwa akichunguza ualbino Nigeria, wakaonyesha kwamba ubongo wa binadamu mwenye ualbino nao una mpangilio usio wa kawaida. Kwa hiyo, mtoto anapoinamia daftari hadi pua iguse karatasi, si mvivu wala si mjinga. Anatafuta umbali ambao jicho lake linaweza.

Zamu ya Tanzania ikafika 1995. Watafiti walichapisha matokeo kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wanakosa kipande kile kile cha jeni kilichokwisha kuonekana kwa Wamarekani weusi. Mzizi ni mmoja, Afrika. Na hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kina mama wangapi wamefukuzwa kwa kosa ambalo nusu yake ilitoka kwa baba?

Kisha yakaja mauaji ya katikati ya miaka ya 2000, na nchi ikashtuka. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge. 2010 Salum Barwany akachaguliwa Lindi Mjini. Mwishoni mwa 2014 Umoja wa Mataifa ukaitenga Juni 13 kuwa siku ya uelewa kuhusu ualbino. Ilikuwa lazima maisha yalindwe kwanza. Nikiwa mwandishi wa habari najua pia kwamba mauaji yanapata ukurasa wa mbele, na mtoto asiyeona ubao hapati hata aya moja.

Hebu fikiria mtoto huyo yuko Uchindile, juu kwenye vilima ambako reli ya TAZARA inapanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako. Kwenda Ifakara ni safari ya kuteremka bonde zima la Kilombero. Mji huo una Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na una historia ya utafiti wa magonjwa tangu Waswisi walipofungua maabara yao miaka ya 1950. Lakini mtoto hawezi kupanda treni kila anaposhindwa kusoma.

Mengi anayohitaji hayana haja ya treni: dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua, kofia hata darasani, mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika ubaoni, ruhusa ya kuusogelea. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi zenye maandishi makubwa. Ni jambo jema. Ila mtihani ni wa siku chache, na darasa ni la miaka. Kama tunakubali kwamba anahitaji herufi kubwa siku ya mtihani, basi alizihitaji tangu siku alipokabidhiwa kitabu cha kwanza.