Tawasifu Isiyo na Mrithi: Maisha na Maandishi ya Rabi Leon Modena

Wanahistoria wa Wayahudi wa Ulaya wamezoea kumtumia Rabi Leon Modena (1571–1648) kama shahidi wa zama zake. Makala hii yadhamiria kumsoma kama mtunzi. Hoja yetu ni kwamba tawasifu yake ya Kiebrania, Hayyei Yehuda, haieleweki barabara pasipo kuuliza aliyekusudiwa kuisoma.

Modena alizaliwa Venice, na humo ndimo alimojipatia sifa ya uhubiri katika mtaa uliotengewa Wayahudi, hata Wakristo wakaja kumsikiliza. Kipaji chake kilidhihirika mapema. Akiwa na umri wa miaka 13 alitunga shairi la kumlilia mwalimu wake, ambalo sauti zake zaleta maana kwa Kiebrania na kwa Kitaliano pia. Uwezo huu wa kusema kwa ndimi mbili kwa wakati mmoja ndio ufunguo wa kazi zake zote.

Chukua suala la kamari. Katika ujana wake aliandika Sur me-Ra, majibizano baina ya kijana anayeilaani kamari na mwenziwe anayeitetea. Hata hivyo, Modena mwenyewe alikuwa mtumwa wa mchezo huo maisha yake yote. Aidha, mnamo 1631, viongozi wa jamii yake walipoipiga marufuku kamari kwa tishio la kumtenga mkaidi, aliandika hoja ya kisheria kuupinga uamuzi wao. Mhakiki mwenye pupa atamwita mnafiki. Lakini ikumbukwe kwamba hata katika majibizano yale ya ujanani, mtetezi wa kamari amepewa hoja nzito. Modena hakuuficha mgogoro wa nafsi yake. Aliufanya kuwa fani.

Tawasifu yenyewe ilichipuka kutokana na msiba. Kwa miaka mingi alinuia kuwaachia wanawe habari za maisha yake, hasa kifungua mimba wake, Mordecai. Kijana huyo alifariki mwaka 1617, baada ya kudhurika katika majaribio ya kugeuza risasi kuwa fedha. Ni hapo ndipo baba alipoanza kuandika. Mwaka 1622 mwanawe mwingine, Zebulun, aliuawa. Hata hivyo, kalamu haikusita: deni, maradhi, hasara za kamari na orodha ya kazi 26 alizojaribu ili apate riziki, vyote vimo, hadi karibu na kifo chake.

Yamkini ukweli huu mchungu watokana na kutoweka kwa msomaji aliyekusudiwa. Baba anayemwandikia mwana hujipamba ili awe kielelezo. Aliyefiwa na mwana huyo hana wa kumpambia. Muswada huo haukuchapishwa hadi 1911.

Twahitimisha kwa kusema kwamba thamani ya Hayyei Yehuda haimo katika habari zake tu. Anayeichambua kama ghala la habari hupata ushahidi, akaupoteza uchungu ulioufanya ushahidi huo uwe mkweli.