Spika iliyowasahau viziwi

Mwaka 1948 Harry Snyder alifungua In-N-Out kule Baldwin Park, California, akaweka spika ya kuagizia chakula ukiwa garini. Kwingine mhudumu alikuja hadi kwenye gari, na kiziwi aliweza kumwonyesha karatasi. Spika ikamwondoa mhudumu. (Sisi waandishi wa programu twalijua kosa hili: unafuta hatua moja, kumbe kuna mtu alikuwa anaitegemea!)

Sheria ya Marekani ya 1990 ilikataza kuwabagua watu wenye ulemavu, lakini viziwi wengi bado huipita spika, waandike oda dirishani, na wengine hukaripiwa.

Mwaka 2015, katika Starbucks moja ya St. Augustine, Florida, mhudumu alipokea oda kwa lugha ya ishara kupitia skrini yenye kamera.