Jiwe la Kusagia, Kutoka Kanaani Hadi Ungoni

Nazareth, nchini Israeli, kuna kijiji kilichojengwa upya ili wageni waone watu wa siku za Yesu walivyolima, walivyosuka na walivyokamua zeituni. Kutoka Songea ni mbali, na nauli yake si ya kila mtu. Lakini anayetaka kuonja kazi moja ya nyakati za Biblia, iliyo nzito kuliko nyingi, anaweza kuipata hapa hapa Ruvuma. Anahitaji ulezi, ungo na jiwe la kusagia la bibi.

Jiwe kubwa huinamishwa kidogo kuelekea mbele, na ungo hutegwa chini ya ncha yake. Msagaji hupiga magoti nyuma, akamwaga konzi ya ulezi, kisha akashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kulisukuma mbele, kulirudisha, kulisukuma tena. Mikono peke yake haitoshi. Nguvu hutoka mabegani na kiunoni. Mara ya kwanza hutoka chenga. Hurudishwa juu ya jiwe mpaka unga ulainike, na hapo magoti yameshaanza kuuma.

Waisraeli wa Agano la Kale walisaga hivyo hivyo. Kitabu cha Waamuzi kinasimulia kwamba mwanamke wa Thebesi alimwangushia Abimeleki jiwe la juu la kusagia kutoka mnarani, likampasua kichwa. Aliyewahi kusaga ulezi haoni ajabu: jiwe la juu hubebwa na mtu mmoja, na wanawake walilishika kila siku. Samsoni naye, Wafilisti walipomfunga Gaza, alitiwa gerezani kusaga, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanawake na watumwa.

Jiwe lenyewe ni la kale kuliko vitabu hivyo. Kando ya Bahari ya Galilaya, mahali paitwapo Ohalo, watafiti walikuta jiwe lenye mabaki ya shayiri pori, la miaka ipatayo 23,000. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika pango la Ngalue upande wa Msumbiji wa Ziwa Nyasa, Julio Mercader alitangaza mwaka 2009 kwamba amekuta chembe za mtama pori kwenye zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000.

Kwa hiyo wamisionari Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, walileta Kitabu chenye mambo ambayo wasikilizaji wao waliyajua kwa mikono. Kupepeta nafaka, kuteka maji kwa mtungi, kujaza ghala kabla ya njaa: hayo hayakuhitaji mfasiri.

Torati ina sheria moja ambayo watu wa Ungoni, nchi ya Wangoni, waliielewa kwa uchungu. Kumbukumbu la Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Miaka michache baada ya misheni kufunguliwa, Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilifika. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea, na majeshi yao yakateketeza vijiji, mashamba na akiba ya chakula. Njaa kubwa ikafuata. Hakuna aliyekuja kuchukua mawe ya kusagia; yalibaki uani bila kitu cha kusaga.

Makumbusho ya Maji Maji, Songea, yanatunza kumbukumbu ya wapiganaji, na ni haki yao. Kumbukumbu ya wanawake waliolisha kaya katika miaka hiyo iko zaidi majumbani. Siku hizi mahindi yanapelekwa mashine, na ndoo inarudi na dona au sembe kabla jua halijapanda. Jiwe la bibi limeegemezwa ukutani, likitumika kunolea visu. Mtoto akilipindua na kupitisha kiganja juu yake, atakuta bonde laini katikati, mahali mikono ya vizazi ilipopita.