Namba Saba ya Wagogo

Kinanda cha umeme kikiwekwa karibu na ilimba, chombo cha ndimi za chuma, iliyotengenezwa na fundi wa Kigogo, vyombo hivyo viwili vitapatana karibu kila mahali isipokuwa kwenye sauti moja. Chang'ombe ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Ni moja ya kata za Jiji la Dodoma, na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali katika mji huu uliwaleta pamoja watu wa vijiji vya Ugogo, nchi ya Wagogo, na watu wa mikoa mingine, kila mmoja na muziki wake. Sauti hiyo moja inayokataa kulingana ina historia ndefu. Ndani yake mna hesabu ambayo wanafalsafa wa Ulaya waliitafuta bila kujua kwamba inaimbwa katikati ya Afrika Mashariki.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Uzi uliokazwa ukitetema mara 100 kwa sekunde hautoi sauti hiyo peke yake. Hapo hapo hutetema pia kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na hivyo hutoa sauti nyembamba za mitetemo 200, 300, 400 na kuendelea, zote zikiwa zimefichika ndani ya ile kubwa. Koo la mwanadamu hufanya vivyo hivyo. Mwimbaji akiubadilisha mdomo wake polepole huku akishikilia sauti moja, sikio lililozoea huweza kuzichambua zile za ndani moja baada ya nyingine.

Wagogo walijenga ngazi yao ya muziki juu ya sauti hizo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi muziki wao alipozunguka Tanganyika mwaka 1950, na katika miaka iliyofuata Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alieleza kinachoendelea: sauti tano za ngazi hiyo zimefuatana kama namba 6, 7, 8, 9 na 10. Kwa uzi wetu wa mitetemo 100, hizo ni 600, 700, 800, 900 na 1,000. Hata namna ya kuimba kwa pamoja inafuata namba hizo. Katika nyimbo kama nindo na msunyunho, mwenye kumsindikiza mwenzake kwa kawaida huruka sauti moja ya ngazi: wa kwanza akiwa kwenye 6, wa pili yuko kwenye 8, wa kwanza akiwa kwenye 7, mwenzake yuko kwenye 9. Kutokana na kanuni hiyo moja hupatikana mapatano mapana na membamba, ambayo mgeni huyasikia kama utajiri usio na mpangilio.

Hesabu ya aina nyingine imo katika ushairi. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma aliyeandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu cha mwaka 1954, alikuwa pia mshairi mkubwa wa Kiswahili. Mtunzi wa shairi la kimapokeo huhesabu mizani, yaani silabi, za kila mstari: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Hesabu ya namna hiyo inaonekana kwenye karatasi na mtoto wa shule anaweza kuikagua. Hesabu ya nindo hakuna aliyeiandika, lakini ina ukali ule ule, kwa sababu aliyekosea husikika mara moja.

Huko Ulaya, tangu zama za Wagiriki, wafuasi wa Pythagoras walishikilia kwamba mapatano ya sauti ni uwiano wa namba ndogo: 2 kwa 1, 3 kwa 2, 4 kwa 3. Baadaye muziki wa Ulaya uliikubali 5. Mwaka 1712 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alimwandikia barua mwanahisabati Christian Goldbach, akisema kwamba muziki ni hesabu inayofanywa na roho bila yenyewe kujua kuwa inahesabu. Katika barua hiyo hiyo aliongeza kwamba watu wa kwao, katika muziki, hawahesabu kupita 5. Wangekuwa na masikio makali zaidi kidogo, wangeweza kufika kwenye 7.

Hiyo 7 ndiyo sauti inayogombana na kinanda. Kinanda cha kisasa hugawa oktavi, yaani umbali wa kutoka sauti moja hadi ile yenye mitetemo mara mbili yake, katika hatua 12 zilizo sawa, na mgawanyo huo unaikaribia sana sauti ya 6 na ya 9: badala ya 600 hutoa kama 599, badala ya 900 hutoa 898. Kwenye 7 hushindwa. Ufunguo ulio karibu zaidi hutoa kama 713, tofauti ambayo hata asiye mwanamuziki huisikia. Kwaya inayoimba wimbo wa Kigogo kwa kufuata kinanda hulazimika kuipandisha sauti hiyo, na wimbo hupoteza kitu ambacho wazee hukitambua hata wasipokipa jina.

Sehemu inayostaajabisha zaidi ya habari hii yote ni ilimba. Ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba, na ulimi wa chuma hauna tabia ya uzi. Ulimi uliobanwa upande mmoja hutoa sauti ya ndani ya pili iliyo zaidi ya mara 6 ya ile ya kwanza, tena kwa kipande kisicho namba kamili. Kwa maneno mengine, 6, 7, 8, 9 na 10 hazimo ndani ya chuma. Fundi anazichukua kutoka kwenye koo na kwenye uzi, kwa njia ya sikio lake, na kuzitia katika kitu ambacho kwa asili hakizifahamu. Nakala ya aina hii ni kazi ya akili kabisa. Uzi ukikatwa nusu hupanda oktavi moja. Ulimi wa sentimita 10 hupanda oktavi hiyo ukifupishwa hadi kama sentimita 7 tu. Fundi husukuma ulimi ndani kidogo, husikiliza, huuvuta, husikiliza tena, na hufika kwenye jibu ambalo mwanafizikia hulipata kwa kipeo cha pili.

Kisha chuma nacho humjibu. Katika ilimba kubwa zipo ndimi ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Zimepatanishwa na zile zinazopigwa, na mitetemo ikilingana hulia zenyewe; ikitofautiana hunyamaza. Utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku huongeza mvumo juu ya hayo yote.

Hukwe Zawose, aliyefariki Desemba 2003, ndiye aliyeufikisha muziki huu mbali zaidi. Nyerere alimwita Dar es Salaam, akafanya kazi Bagamoyo, akatengeneza ilimba na zeze, chombo cha nyuzi, kubwa kuliko za desturi, na hatimaye akarekodi katika studio ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Nyumbani, tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likifanyika Chamwino tangu 2009, chini ya kituo cha sanaa kilichoanzishwa na Kedmon Mapana, na vikundi vya vijiji hukutana hapo kuimba na kupiga muheme, ngoma ya wanawake.

Shuleni uwiano unaweza kufundishwa kwa mifano kama bei ya sukari na mchanganyiko wa saruji, lakini muziki huu nao ungefaa. Ilimba moja darasani, rula na uzi uliokazwa juu ya ubao vingetosha kufundisha uwiano, sehemu, kipeo cha pili na kipeuo chake, kwa sauti ambazo baadhi ya wanafunzi wa Chang'ombe wamezisikia kwa bibi zao. Somo la kwanza lingeweza kuwa hili: ulimi wa sentimita 10 unatoa 6; ufupishwe kiasi gani ili utoe 7? Jibu ni kama milimita 7 na nusu, na fundi wa ilimba angelifikia kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni.