Okestra Zisizo na Mwongozaji

Historia ya kwaya yetu wenyewe mmeisoma katika kurasa zilizotangulia. Ukurasa huu tumeutenga kwa swali ambalo limetusumbua mwaka mzima: je, wanamuziki wanaweza kufanya kazi nzuri bila mtu wa kusimama mbele yao? Mwalimu wetu ameomba kupumzika baada ya Jubilii hii, na kati yetu wapo wanaosema kwamba yeye akiketi, kwaya imekwisha. Tukaona heri tuwatazame waliojaribu kabla yetu.

Kwanza ifahamike kwamba mwongozaji (kondakta, ingawa hapa kwetu matatu zimekwisha kulichukua jina hilo) si wa tangu zamani. Katika miaka ya 1700 okestra za Ulaya ziliongozwa na mpiga fidla wa kwanza, au na mtu aliyeketi kwenye kinanda, naye akipiga pamoja na wenzake. Mtu asiyepiga ala yoyote, mwenye kijiti tu mkononi, alizoeleka katika miaka ya 1800, okestra zilipopanuka na muziki wenyewe ukawa mgumu.

Waliothubutu kumwondoa tena walikuwa Warusi. Mwaka wa 1922, miaka mitano baada ya mapinduzi, mpiga fidla Lev Tseitlin na wenzake wa Moscow waliunda Persimfans, ufupisho wa maneno ya Kirusi yenye maana ya Kikundi cha Kwanza cha Simfoni Kisicho na Mwongozaji. Waliketi kwa duara ili waonane, hata wengine wakawapa wasikilizaji mgongo. Mtunzi Sergei Prokofiev alipiga piano pamoja nao mwaka wa 1927, na aliyoyaandika baadaye yametugusa sana. Alisema vifungu vigumu havikuwashinda, maana kila mmoja alijiona kama mpiga solo. Kilichowasumbua ni kubadilisha mwendo, kwa kuwa hapo lazima wote wauhisi muziki kwa namna moja. Mwimbaji yeyote wa kwaya anajua maana yake. Noti za juu si tatizo. Tatizo ni ule mstari wa mwisho unaopunguzwa mwendo, tena huku mmoja amekwisha kufika na mwingine bado yuko njiani.

Naye Mfaransa Darius Milhaud aliwasifu, lakini akaongeza kwamba mwongozaji angewafikisha pale pale, pengine mapema kidogo. Ni neno la kweli. Persimfans ilivunjika mwaka wa 1932.

Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1972, Julian Fifer, mpiga selo, alianzisha Orpheus Chamber Orchestra jijini New York. Mwanzoni kila mtu alikuwa na neno la kusema juu ya kila noti, na mazoezi yakawa marefu kupita kiasi. (Waliowahi kukaa katika mkutano wa kuchagua kitambaa cha sare watawahurumia.) Dawa waliyoipata ni hii: kwa kila kipande wanachagua wachache, pamoja na mpiga fidla atakayeketi kiti cha kwanza. Hao hukutana mapema na kukubaliana kipande kipigwe vipi, ndipo wengine waje. Kipande kinachofuata, viti vinabadilishwa. Wakati wa mazoezi mmoja wao hushuka ukumbini kusikiliza kama ala fulani inawafunika wenzake, kisha anarudi kuwaambia. Kwa hiyo uongozi haukuondolewa, uligawanywa, na kila mtu akaongezewa kazi. Kikundi hicho kilipata tuzo ya Grammy mwaka wa 2001 kwa muziki wa Stravinsky. Mwaka wa 2018 wapigaji wake 34 walisikika katika albamu ya Emanon, wakiwa na mpiga saksafoni Wayne Shorter, gwiji wa jazi.

Kwa maoni yetu, faida kubwa huonekana pale muziki wa mataifa mbalimbali unapokutana. Yo-Yo Ma, mpiga selo aliyezaliwa Paris na wazazi Wachina, alianzisha mradi wa Silkroad mwaka wa 1998, na mwaka wa 2000 wanamuziki wake wakakusanyika Tanglewood, Marekani. Humo mna pipa ya China, kamancheh ya Iran, tabla ya India na zumari la mifuko kutoka Galicia, Hispania, bega kwa bega na fidla na selo. Wakialikwa na okestra kubwa, mwongozaji huwapo. Wakiwa peke yao, hayupo. Na angewafundisha nini? Muziki wa Iran una sauti zinazoangukia katikati ya vibonye vya piano. Anayezijua ni mwenye kamancheh. Mapigo anayajua mwenye tabla. Kila mmoja ni mwalimu mahali pake na mwanafunzi pengine. Albamu yao Sing Me Home ilipata Grammy mwaka wa 2017.

Hapo tulitabasamu kidogo, kwa maana isukuti ya Waluhya haijawahi kumngoja mwenye kijiti. Ngoma tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto, husikilizana. Mwanzilishi anatupa wimbo, wengine wanaupokea.

Basi leo, katika sehemu ya pili ya programu, mwalimu ataketi na wageni wetu kwa nyimbo mbili. Tutasimama kwa nusu duara, besi katikati, kwa kuwa ndio tunaowasikia wakivuta pumzi. Wa kwanza utaanzishwa na alto, wa pili na mpiga kayamba. Mkiona baadhi yetu wamewapa mgongo, msiwahesabie utovu wa adabu. Wanatafuta macho ya wenzao kabla ya ule mstari wa mwisho.